Magari Mawili Mabovu, Pikapu Moja Nzima

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za nchi yetu, uani, nyuma ya jiko au chini ya mti, lipo gari ambalo halijatembea kwa miaka mingi. Kuku hutaga katika kiti cha dereva, watoto huligeuza shule au hospitali katika michezo yao, na mwenye nyumba kila aulizwapo hujibu kwamba litatengenezwa mara fedha itakapopatikana. Majirani hucheka, mke hunung'unikia nafasi inayopotea, lakini gari haliuzwi. Nyumbani kwetu Makete, milimani Ukinga, katika uliokuwa wakati huo mkoa wa Iringa, magari ya namna hiyo yalikuwa mawili. Jinsi yalivyofanywa kuwa moja ndicho kisa nitakachosimulia Jumapili hii, maana kimebeba mambo ya ufundi na mambo ya ukoo kwa pamoja, na hadi leo sijui ni yapi kati ya hayo yaliyokuwa magumu zaidi.

Gari la kwanza lilikuwa la marehemu baba. Lilikuwa pikapu ya Land Rover, ile ndefu ambayo watu huitaja kwa namba tu, mia na tisa, kwa kuwa toka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni inchi 109. Baba aliinunua mwaka 1974 ikiwa imekwisha kutumika, naye akaitumia kubebea viazi, pareto, mbao na wagonjwa, hadi mwaka 1979 krenkishafti ilipokatika katikati ya mlima. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka hali ilivyokuwa. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977, nao haukufunguliwa hadi Novemba 1983; vita dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimemeza fedha za kigeni; bei ya mafuta iliyopanda mwaka 1973 ikapanda tena. Kipuri kilitafutwa Mbeya, kikatafutwa Dar es Salaam, kisionekane. Baba akakusanya vijana wakaisukuma pikapu hadi chini ya mkaratusi, na mwaka 1983 akafariki bila kuisikia ikinguruma tena.

Gari la pili aliliburuta baba mdogo kwa lori mwaka 1985. Yeye alikuwa fundi wa magari huko Makambako. Hilo nalo lilikuwa Land Rover ya inchi 109, lakini ya abiria, na ya toleo la tatu, lile lililoanza kutengenezwa mwaka 1971. Lilikuwa limebingirika. Bodi ilikunjamana kama karatasi, ekseli ya mbele ilipasuka, na chasisi ilipinda kiasi kwamba hata mimi mtoto wa miaka kumi na minne niliweza kuuona upindaji huo nikiwa nimesimama mbali. Hata hivyo injini yake ya dizeli, gia boksi yake na ekseli yake ya nyuma vilikuwa vizima.

Basi hesabu ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho: huku kuna mwili usio na moyo, kule kuna moyo usio na mwili. Baba mdogo aliisema hesabu hiyo jioni moja tukiwa tumeota moto, na mama akanyanyuka na kutoka nje.

“Shemeji,” alisema aliporudi, “gari la mume wangu halichinjwi.”

Usidhani kwamba mama alikuwa mtu asiyeelewa. Mwaka huohuo wa 1985 dada yetu mkubwa alibebwa kwa machela kwenda kujifungua, vijana wanane wakipokezana katika mvua, na viazi vya msimu viliozea ghalani kwa kuwa malori yalikataa kupanda mlima. Faida ya gari aliijua kuliko sisi sote. Alichokihofia ni kile ambacho wajane wengi hukihofia, nacho ni kwamba mali ya marehemu ikishachanganywa na mali ya ndugu yake, siku moja mtu atauliza ni ya nani, na jibu halitakuwa lake. Shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, hakumlaumu. Alisema jambo moja tu: kwamba hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni kalamu.

Mkataba uliandikwa katika karatasi mbili za daftari la shule, mbele ya balozi wa nyumba kumi. Chasisi, bodi na kadi ya gari ni za mama. Injini, gia boksi na ekseli ya nyuma ni za baba mdogo, na siku wakiachana kila mmoja atachukua chake. Mapato, baada ya kutoa dizeli na oili, yatagawanywa mafungu matatu: la mama, la baba mdogo, na la gari lenyewe. Fungu hilo la tatu lilikuwa wazo la shangazi, mwanamke ambaye hakupata kushika usukani maishani mwake. Nimeona biashara nyingi za magari zikifa kwa kukosa fungu hilo.

Hapa niruhusu nitoke njiani kidogo. Baba mdogo alipenda kusema, ili kumliwaza mama, kwamba Land Rover kwa asili yake ni gari la kuunganishwa. Maneno hayo niliyachukulia kuwa ya mdomo tu, lakini baadaye nilisoma nikakuta ni kweli. Mwaka 1947 mhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, Maurice Wilks, alikuwa akitumia shambani mwake, katika kisiwa cha Anglesey, gari la Jeep lililobaki baada ya vita. Alipotaka kujaribu gari la wakulima, yeye na wenzake walichukua chasisi ya Jeep, wakaweka juu yake injini ya Rover, na usukani wakauweka katikati. Gari lililotokana na majaribio hayo lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu. Na hiyo ndiyo sababu bodi ya baba ilikaa miaka saba chini ya mkaratusi bila kuliwa na kutu.

Chasisi, kwa upande mwingine, ni ya chuma, nayo huliwa. Ubaya ni kwamba mihimili yake ina uwazi ndani kama bomba la pembe nne, na kutu huanzia humo ndani mahali jicho lisipofika. Kazi yetu ya kwanza, Juni 1986, asubuhi zile ambazo jalidi huifanya nyasi kuwa nyeupe, ilikuwa kuigonga chasisi yote kwa nyundo ndogo, shubiri kwa shubiri, huku tukisikiliza. Penye uzima hulia kama kengele, na penye kuoza husikika kama kugonga gogo bovu. Tulipata mahali pa namna hiyo patatu, ikiwa ni pamoja na mhimili wa nyuma kabisa ambao hupokea matope ya magurudumu. Mchomeleaji aliyetoka Njombe alikata sehemu zilizooza akachomea vipande vilivyotoka katika chasisi ya lile gari lililopinda. Kabla hajawasha chochote baba mdogo alilitoa tangi la mafuta na kulipeleka mbali, ng'ambo ya zizi. Tangi tupu la petroli, alituambia, ni hatari kuliko lililojaa, maana mvuke uliobaki ndio unaolipuka. Siku hizi naona vijana wakichomea karibu na tangi huku wakivuta sigara, nami huondoka mahali hapo upesi.

Injini ya dizeli ilikaa mahali pa ile ya petroli bila ugomvi mkubwa, kwa kuwa zote mbili zilikuwa za lita 2.25 na za ukoo mmoja. Magumu yalikuwa katika vitu vidogo. Klachi ya toleo la tatu husukumwa kwa mpango tofauti na ule wa matoleo ya kabla yake, hivyo silinda yake ndogo na bomba lake vilipaswa kuhama pamoja na gia boksi. Tangi lilioshwa mara tatu, kisha likawekewa bomba la kurudisha dizeli isiyotumika. Aidha injini ya dizeli haina cheche. Katika baridi ya Ukinga huwashwa kwa msaada wa plagi za kupasha joto, na plagi hizo katika injini zile zilifungwa kwa mfuatano kama shanga katika uzi mmoja, kiasi kwamba ikifa moja zimekufa zote nne. Ndiyo sababu kwa miaka mingi iliyofuata pikapu yetu haikulala penginepo ila mteremkoni.

Ekseli ya nyuma ilikuwa fahari ya baba mdogo. Ile ya gari lililobingirika ilikuwa ya aina iitwayo Salisbury, nene na yenye nguvu kuliko ile ya baba. Kwa kuwa pua yake ni ndefu zaidi, propela ya baba haikuenea, ikabidi ya gari la pili ihame nayo. Nilijifunza hapo kwamba propela ikifungwa lazima krosi za ncha mbili zielekeane sawasawa. Zikipishana, gari hutetemeka mpaka meno yakuume.

Iliyobaki ilikuwa ekseli ya mbele. Ya baba ilikuwa nzima kwa nje, lakini difu yake ilikuwa imekwanguka meno kwa kuendeshwa siku nyingi bila oili. Baba mdogo alikwenda Mbeya na magunia matatu ya viazi vya mama akarudi na difu iliyokwisha kutumika, iliyotolewa katika Range Rover. Muuzaji alimhakikishia kwamba hizi zote ni za tumbo moja. Na kweli iliingia katika ganda lake kana kwamba imezaliwa humo. Tukafunga nati, tukaweka oili, tukapongezana.

Kabla ya giza baba mdogo alinipa kipande cha chaki. Tuliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, tukaweka magogo chini ya chasisi maana jeki si ya kuaminiwa, gia ikiwa huru. Nilichora mstari katika tairi na mwingine katika propela. Yeye akazungusha gurudumu polepole mara mbili, nami nikahesabu mizunguko ya propela: minne na karibu robo tatu. Tukahamia mbele tukafanya vilevile. Nilihesabu mitatu na nusu. Akanitazama kama mtu aliyemkamata mwanafunzi mvivu, akaniamuru nihesabu upya. Mitatu na nusu.

Ndugu msomaji, hili ndilo jambo ambalo ningependa lishikwe na kila anayeunganisha gari liendeshwalo kwa magurudumu yote manne. Difu za Land Rover zile zilikuwa na uwiano wa 4.7 kwa moja, yaani propela huzunguka mara 4.7 ili magurudumu yazunguke mara moja. Ya Range Rover ilikuwa 3.54. Propela zote mbili, ya mbele na ya nyuma, hutoka katika gia boksi moja ndogo na huzunguka kwa mwendo uleule. Kwa hiyo magurudumu ya mbele yetu yangetaka kwenda kwa kasi iliyozidi ile ya nyuma kwa theluthi nzima, kila mahali, kila wakati mtambo wa mbele ulipounganishwa. Katika matope yangechimba bure, na katika ardhi ngumu kitu kingevunjika, huenda katikati ya mlima, huenda na watu nyuma. Na hakuna jicho lingeweza kuligundua, maana kwa nje difu hizo hufanana kabisa.

Baba mdogo aliketi juu ya gogo kwa muda mrefu. Halafu mama, aliyekuwa akipeta maharage kibarazani, aliuliza ile ekseli ya nyuma ya zamani, ya mume wake, ndani yake mna nini. Kulikuwa na kimya. Ndani yake mlikuwa na difu ya 4.7, nzima, ya aina ileile itumikayo mbele. Tulikuwa tumetoa magunia matatu kununua kitu kilichokuwa chini ya mkaratusi wetu. Tena baba mdogo alikuwa amekwisha kuiahidi ekseli hiyo kwa mchomeleaji kuwa malipo yake, naye mchomeleaji alikuwa anaitaka kwa kutengeneza mkokoteni wa ng'ombe. Shangazi ndiye aliyekwenda kuzungumza naye. Mkokoteni, alimwambia, huvutwa na ng'ombe. Difu ni ya nini? Mtu yule akacheka, akaichukua ekseli bila difu, na akaongezewa debe moja la viazi kwa usumbufu.

Januari 1987 pikapu iliwaka. Moshi mweusi ulipanda hadi juu ya miti, watoto wa kitongoji kizima wakaja, na mama akasimama mlangoni bila kusema neno. Kesho yake tuliijaribu katika mteremko uendao mtoni. Mimi nilikaa kushoto. Baba mdogo aliuvuta nyuma ule mkono mwekundu uingizao gia nzito, ambao pia huunganisha magurudumu ya mbele, akaweka gia ya kwanza, tukaanza kushuka polepole. Katikati ya mteremko alikanyaga breki, na pedali ikaenda hadi sakafuni kama mguu uliokanyaga hewa.

Mpira wa breki wa gurudumu la mbele, uliotoka katika gari la baba, ulikuwa umepasuka. Katika magari yale ya zamani breki zote nne zililishwa kwa njia moja, kwa hiyo mpira mmoja ukipasuka hakuna kinachobaki. Kilichotuokoa ni mambo mawili: gia nzito, ambayo ilituzuia tusiende kasi, na breki ya mkono, ambayo katika Land Rover haishiki magurudumu bali hushika propela kutokea nyuma ya gia boksi, na haina uhusiano wowote na mafuta ya breki. Baba mdogo aliivuta taratibu, gari likakwaruza, likasimama. Hakusema kitu. Nilimwona akifuta viganja katika suruali yake.

Mama alipoambiwa, hakupiga kelele. Aliagiza gari lisiguswe mpaka mipira yote ya breki na raba zote za silinda ziwe mpya kutoka dukani. Baba mdogo alijaribu kuteta kwamba mipira ya lile gari la pili bado ilikuwa mizuri. “Shemeji,” mama alimjibu, “chuma kuukuu nimekubali. Mpira kuukuu, hapana.” Kwa fundi aliyezoea kufanya kila kitu kwa vipuri vya kuokota lilikuwa jambo la kuona haya, na tulisubiri wiki kumi na moja hadi mipira ilipopatikana, mvua zikapita na msimu wa viazi ukapita nao. Nakiri kwamba wakati ule mimi nilikuwa upande wa baba mdogo. Sasa nina watoto wanaopanda magari ya watu, nami niko upande wa mama.

Lilibaki suala la karatasi. Gari hutambulikana kwa namba ya chasisi, na chasisi ilikuwa ya baba, hivyo gari lilibaki kuwa lake mbele ya sheria, yaani la mama. Lakini kadi ilitaja namba ya injini ya petroli, na injini iliyomo ilikuwa ya dizeli. Mama alisafiri na baba mdogo hadi kwa mkaguzi wa magari wa polisi, wakiwa na kadi, hati ya mauzo ya lile gari lililobingirika, na ule mkataba wa daftari. Yapo magari mengi mazuri yaliyounganishwa kwa ustadi ambayo yamekaa uani mara ya pili kwa sababu mwenyewe aliitupa hati ya gari alilolinyofoa vipuri.

Pikapu ilifanya kazi miaka kumi na miwili. Baba mdogo aliwafunza madereva waliofuata sheria moja, nao waliichukia: kile kitufe cha njano, kinachounganisha magurudumu ya mbele, kisibonyezwe katika barabara ngumu. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na katika magari yale hapakuwa na difu ya katikati ya kuipokea tofauti hiyo. Ardhi ikiwa ya utelezi tairi huteleza na kusamehe, ikiwa ngumu mzigo huo hurudi katika gia. Dereva mmoja alidhani anafanyiwa ubahili, akavunja krosi mbili katika mwezi mmoja. Fungu la tatu likazilipa.

Watu hunishauri kwamba leo hakuna haja ya taabu kama ile, kwamba ni heri kuitia Land Rover injini ya Toyota, na wengi hufanya hivyo. Sina ubishi nao. Namwuliza kila mmoja wao swali lilelile tu: umehesabu kwa chaki?

Mwaka 1999 chasisi ilikatika karibu na mahali pale palipochomewa. Baba mdogo alichukua injini yake, gia boksi yake na ekseli yake, kama karatasi ilivyosema, na injini akamwuzia mtu mwenye mashine ya kusaga. Bodi ilirudi chini ya mkaratusi, na kuku wakarudi katika kiti cha dereva. Kadi mama aliiweka katika kopo la biskuti pamoja na nakala yake ya mkataba. Mwaka jana baba mdogo, ambaye sasa hutembea kwa mkongojo, alinipigia simu kuuliza kama bodi ile bado ipo, na kama milango inafunga. Kuna kijana huko Makambako, alisema, amepata chasisi.